Namna ya kuandaa asubuhi ya wazazi wenye watoto wadogo mtaani kwenu

Vikao vya wazazi tulivyovizoea vina sura moja. Mgeni anakaa meza kuu, anasoma makaratasi yake, akina mama wanabembeleza watoto wanaolia, kisha soda zinagawiwa na kila mtu anarudi nyumbani na swali lilelile alilokuja nalo. Mwongozo huu ni wa kikao cha namna nyingine: wazazi wachache, asubuhi moja kwa mwezi, na mtaalamu mmoja anayekuja kujibu maswali aliyokwisha kutumiwa. Naandika nikitazama mitaa ya Dar es Salaam. Aliye Tunduru au Kahama atapunguza na kuongeza kufuata mazingira yake.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kumtafuta mtaalamu

Wengi huanza kwa kumtafuta daktari, halafu wanamuuliza atafundisha nini. Ukienda hivyo utapewa somo la "umuhimu wa lishe bora", na kwa somo hilo hakuna atakayeacha nguo kwenye beseni aje kukaa kwenye mkeka. Anza na wazazi. Nenda zahanati siku ya kliniki ya watoto, kaa kwenye benchi na akina mama wanaosubiri mizani. Pita kwa mama lishe, kwenye bomba la maji, kwenye kijiwe cha bodaboda. Uliza swali moja tu: "Kwa huyu mdogo, kitu gani kinakusumbua zaidi?" Kisha nyamaza, andika kwa maneno yao, usiyanyooshe.

Utasikia: "Anakataa uji." "Wa jirani ameshatembea, wangu bado." "Bibi yake anasema ana meno ya plastiki." "Hali mpaka umpe simu aangalie katuni." "Nina mimba nyingine na huyu bado ananyonya." La kubemenda, yaani kuamini kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika wazazi wakikutana kimwili au mama akishika mimba, nalo litakuja, ila kwa sauti ya chini, mkiwa mmebaki wawili.

Chagua moja la kubeba kikao na uliweke kwenye tangazo kama lilivyosemwa. Tangazo la "Mtoto anakataa uji, tufanyeje?" linaleta watu. Mengine yatunze kwenye daftari. Hayo ndiyo ratiba yako ya miezi ijayo.

Hatua ya 2: Tafuta mtaalamu anayelingana na swali

Huhitaji daktari bingwa. Swali la uji ni la afisa lishe wa halmashauri. Homa, kuharisha, chanjo na kunyonyesha ni la muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Kuchelewa kuongea au kutembea, anza na muuguzi huyohuyo, naye ndiye atakayejua nani yuko hospitali ya wilaya. Michezo na kujifunza, mwombe mwalimu mzuri wa darasa la awali. Vipigo, malezi ya kambo na baba asiyetoa matunzo ni mambo ya afisa ustawi wa jamii. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoitwa WAJA, wasisahaulike: wanajua nyumba ipi ina mtoto mchanga hata kabla mjumbe hajajua.

Njia ya kumpata ni barua fupi. Kwa muuguzi, barua iende kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Kwa afisa lishe au ustawi, ipitie kwa mtendaji wa mtaa au wa kata. Mtendaji akisita, mkumbushe kwamba jambo hili si geni serikalini. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021, nayo inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Imejengwa juu ya nguzo tano ambazo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walizitoa mwaka 2018: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Sentensi moja ya namna hiyo kwenye barua hufungua milango ambayo maombi matupu hayafungui.

Wiki moja kabla, mpelekee mtaalamu maswali yenyewe, na mkubaliane mambo haya: ataongea dakika 15 na si zaidi, atakuja na kitu cha kushika, kupima au kupika, na asilolijua atasema halijui. La nauli limalizeni mapema kwa kutaja kiasi. Mtumishi wa umma anayeacha foleni ya wagonjwa ili aje kwenu asirudi akijiuliza nauli ya daladala inatoka wapi.

Hapo hapo niseme jambo ambalo sina simile nalo: hakuna wauzaji. Ukishatangaza kikao, atatokea mtu wa virutubisho vya kwenye kopo, wa dawa za asili za "kuongeza hamu ya kula", au mwenye maziwa ya unga ambaye atajitolea kulipia chai yote. Kataa chai hiyo. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa inayokataza kunadi maziwa mbadala kwa akina mama, na sababu yake ni mikusanyiko kama huu wenu.

Hatua ya 3: Mahali, siku na saa

Ofisi ya serikali ya mtaa ina viti na kivuli, lakini watu huingia na kutoka wakitafuta barua za utambulisho, na hakuna mama atakayeuliza jambo la ndani mbele yao. Bora darasa la madrasa asubuhi likiwa tupu, ukumbi wa kanisa, au uwanja wa nyumba yenye mwembe. Kagua vitatu tu: choo kinachofaa kwa mjamzito, maji ya kunawa (kibuyu chirizi kinatosha), na kisima au mtaro wazi usiwepo karibu.

Siku isigongane na kliniki, mnada, wala marejesho ya vikoba. Muda mzuri ni saa 3:30 asubuhi hadi saa 5:00. Kabla ya hapo watu wanapeleka watoto shule na kufagia. Baada ya hapo akili zote ziko kwenye chakula cha mchana na mtoto wa awali anayetoka darasani. Andika saa 3:00 kwenye tangazo, anza 3:30 kweli, hata kama waliofika ni sita. Ukiwasubiri wachelewaji leo, mwezi ujao na hao sita watachelewa.

Wazazi 15 hadi 20 wanatosha. Wakizidi 25, gawa makundi mawili ya siku tofauti.

Hatua ya 4: Alika wale wanaoamua

Mama ndiye anayekuja, ila nyumbani si yeye peke yake anayeamua. Mtoto wa miezi minne anapewa maji na uji mwepesi kwa sababu bibi amesema analia kwa njaa. Hela ya mayai iko mfukoni mwa baba. Kwa hiyo bibi aalikwe kwa heshima yake, aende mtu mzima mwenzake kumwita nyumbani, wala usimtumie ujumbe wa simu. Akina baba waambie kazi: "Baba Zuhura, tunahitaji mtu wa kutengeneza vifaa vya kuchezea vya mbao." Atakuja kwa ajili ya misumari, atabaki kwa ajili ya mazungumzo. Kwa wenye bodaboda na vibarua, kikao kimoja kati ya vitatu kiwe Jumamosi.

Utaulizwa, "Kuna posho?" Jibu bila kuona haya: hakuna posho, kuna chai, na kuna mtaalamu ambaye zahanati ungempangia foleni. Watakaokasirika wataondoka, nao wangeondoka vilevile siku posho ingekwisha.

Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Kaeni duara, mkekani, mtaalamu akiwemo. Meza kuu isiwepo kabisa. Ikiwepo atakaa, na akishakaa atahutubia. Salamu, dua au sala fupi kwa desturi ya mahali, utambulisho kwa jina la mtoto na umri wake: "Mama Ashura, miezi 9." Hapo mtaalamu ameshajua anaongea na nani.

Watoto watengeeni kona yenye mkeka wao na watu wawili wa kuwaangalia, ikiwezekana binti wa jirani aliyemaliza shule na bibi mmoja. Vifaa ni makopo, vikombe vya plastiki, mipira ya matambara, chupa zenye maharage ndani zilizofungwa na kugundishwa. Vifuniko vya soda na shanga weka mbali, vinakaba. Anayenyonya abaki na mama yake.

Baada ya dakika 15 za mtaalamu, mikono ifanye kazi. Chukua mfano wa uji, maana ndio kikao kinachopendwa kuliko vyote. Washeni jiko, pikeni uji wa aina mbili kwenye sufuria mbili: mmoja mwepesi wa kunywewa kikombeni kama tulivyozoea, mwingine mzito. Mpe mama mmoja kijiko, achote wa kwanza na kukiinamisha. Unamwagika wote mara moja. Achote wa pili: unang'ang'ania kijikoni, unadondoka polepole kwa mabonge. Sasa afisa lishe aseme neno lake: tumbo la mtoto wa miezi 7 ni dogo, ukilijaza maji hakuna pa kuweka chakula. Halafu akina mama wenyewe waboreshe ule mzito, mmoja akoroge karanga zilizosagwa, mwingine aponde parachichi, mwingine avunje yai na kuliivisha humo humo. Waonje. Watoto waliofikisha miezi 6 waonjeshwe na mama zao, huku mtaalamu akiangalia namna wanavyolishwa: nani anasubiri mtoto ameze, nani anamshindilia, nani anamwangalia usoni na kuongea naye. Asimkosoe mtu kwa jina. Aseme alichokiona kizuri kwanza: "Mmeona Mama Ashura alivyongoja mtoto afungue mdomo mwenyewe?"

Hapo lazima litaibuka la unga wa lishe wa nafaka kumi. Kila mtaa una mama anayeusaga: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, hata dagaa, vyote mfuko mmoja, na wanunuzi wanaamini vikiwa vingi ndivyo nguvu inavyoongezeka. Maafisa lishe wengi watakueleza kinyume. Karanga zikikaa ndani ya unga huchacha upesi. Soya isiyokaangwa vizuri humvuruga mtoto tumbo. Na akipata mzio hujui umetoka kwenye kipi. Punje moja yenye ukungu inaharibu mfuko mzima, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ushauri wa maafisa lishe hao ni nafaka moja au mbili kwenye unga, na vingine viongezwe sufuriani siku hiyo hiyo. Kama msagaji yuko kikaoni, mtaalamu amtangulizie mazungumzo pembeni. Ni biashara ya mtu, na akifedheheshwa mbele ya wateja wake mtaa mzima utachukua upande wake.

Wapeni na vipimo vichache vya kwenda navyo nyumbani, visivyozidi vitatu. Kwa kikao cha uji: kuanzia miezi 6 hadi 8, mlo mara 2 hadi 3 kwa siku, miezi 9 hadi 23, mara 3 hadi 4, na ziwa la mama liendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Basi. Ukiwapa kumi watakumbuka lile la mwisho tu.

Chai inywewe wakati maswali yanaendelea. Watu hufunguka wakiwa na kikombe mkononi. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu au maandazi, chai ya rangi; soda na biskuti hazina nafasi kwenye kikao cha kuongelea chakula cha watoto.

Hatua ya 6: Acheni maswali yapite muda wa somo

Nusu nzima ya kikao iwe maswali. Weka boksi lenye tundu kwa wanaotaka kuandika, na mteue mama mmoja mwenye siri ambaye wasiojua kuandika watamnong'oneza. Ndiyo njia ya kupata yale mazito.

Kabla ya siku, mwulize mtaalamu atajibuje mambo matatu ambayo hayakosi: meno ya plastiki (fizi za mtoto zilizovimba, ambazo wengine hudai zina meno mabaya ya kung'olewa), degedege, na kubemenda. Akicheka, mbadilishe. Nimeona muuguzi mmoja akilijibu la meno kwa namna ambayo ningependa kila mtaalamu aige. Bibi mmoja alisema mjukuu wake ana homa na kuharisha, fizi zimevimba, na kuna mzee anayeyang'oa.

"Shikamoo bibi," akaanza.

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, umeona vizuri, fizi zimevimba kweli. Pale ndipo meno ya chonge yanapojiandaa kutoka. Mtoto akiharisha, maji yanamwisha mwilini. Akichokonolewa fizi, na damu nayo inamwisha. Tukianza na kurudisha maji, wewe unaonaje?"

Bibi akafikiri. "Hayo maji yanarudishwaje?"

Na kikao kizima kikahamia kwenye pakiti ya ORS, ichanganywe na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo mtoto humaliza siku 10 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Muuguzi hakusema "imani potofu" hata mara moja. Bibi ndiye aliyeomba pakiti mbili za akiba.

La kubemenda lina kisa cha namna hiyo. Watu wameona kwa macho yao mtoto akikonda baada ya mama kushika mimba, hawakuota. Mtaalamu akubali walichokiona, kisha aeleze kinachotokea: mtoto ameachishwa ziwa ghafla na chakula hakijashika nafasi yake. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mimba ya haraka ndiyo yenye gharama, na ndiyo maana wataalamu wanashauri miaka 2 ipite tangu kujifungua kabla ya kubeba nyingine. Kutoka hapo ni hatua fupi kwenda kwenye uzazi wa mpango, na baba akiwepo ni faida.

Degedege lijibiwe kwa ukali kidogo. Mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au aliyelegea na kupoteza fahamu, hapelekwi kwa mganga wa kienyeji kwanza halafu hospitali. Anapelekwa kituo cha afya muda huo huo, hata usiku. Hilo wazazi walirudie kwa midomo yao kabla ya kuondoka.

Wanaolinganisha watoto wapoozwe kwa takwimu. Katika watoto wenye afya, kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Wa jirani kutembea na miezi 10 hakumfanyi wako kuwa mgonjwa, ila akipita 18 bado, apelekwe akaangaliwe. Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya miaka 2, hapana, kuanzia 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku. Mwenye kupika na kufua peke yake na mtoto mgongoni atakuuliza amshike na nini basi, na swali lake ni la haki. Mpeleke kwenye kona ya watoto, amwone mwanawe na makopo.

Hatua ya 7: Anayehitaji zaidi ya kikao

Kila asubuhi ya namna hii humtoa mtu mmoja au wawili ambao jambo lao halimalizwi na mazungumzo. Mtaalamu abaki nusu saa, pembeni, kwa hao. Kama ana utepe wa kupimia mzingo wa mkono, apimie huko huko pembeni: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na aende kituoni siku hiyo, kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano, afuatiliwe. Rangi nyekundu ikitangazwa mbele ya watu, mama huyo hutamwona tena. Kadi za kliniki nazo zikaguliwe kwa utulivu. Chanjo ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, ndiyo inayosahaulika sana kwa kuwa wengi wanadhani kliniki imeisha ile ya miezi 9.

Mkisikia mtoto anapigwa au anaharibiwa, lisijadiliwe duarani. Simu ya Mtoto ni 116, bure, na kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kipo kwa kazi hiyo.

Picha msipige ovyo. Muulize kila mzazi, na akikataa asihojiwe kwa nini; tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtoto wa mtu si tangazo. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, magonjwa ya watoto yasitajwe kwa majina.

Hatua ya 8: Hela na miezi ijayo

Gharama ni chai, mkaa, vitu vya kupikia na nauli ya mtaalamu. Kuchangishana kunawezekana, ila anayeshindwa asijulikane: kopo lipitishwe likiwa limefunikwa. Mweka hazina asome mapato na matumizi kila mwezi kabla ya chai, dakika mbili, hata kama ni elfu chache. Vikao vingi vya mtaani havifi kwa kukosa hela, vinakufa kwa minong'ono juu ya hela.

Mada zipangwe kwa majira. Malaria na kuharisha ziwahi Februari, kabla masika hayajaanza Machi. Novemba na Desemba maembe yamejaa sokoni kwa bei ya kutupa, hapo ongeleeni matunda na vitamini A. Maandalizi ya darasa la awali yafanyike kabla shule hazijafunguliwa Januari, mwalimu aje aseme mwenyewe kwamba hahitaji mtoto anayejua kuandika, anahitaji anayeweza kwenda choo na kusema anachotaka.

Juni na Desemba usihangaike kutafuta muuguzi wala afisa lishe. Ndiyo miezi ya afya na lishe ya mtoto, wako kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Miezi hiyo kikao chenu kifanyike kwa miguu: mkutane saa 3:00 mahali penu pa kawaida, mhesabu watoto wa miezi 6 hadi 59, muongozane nao zahanati, na mama wa kwanza kufika awashikie wengine foleni.